Pedi ya Ndani

Dada yangu alikuwa akimsalimia ng'ombe kwanza, mwenye ng'ombe baadaye. Wapo waliodhani ni majivuno. Alisema mwenye ng'ombe anaweza kukuficha hali yake lakini ng'ombe hajui kuficha, kwa hiyo ni heri kuanza na mkweli. Angemshika sikio, amtazame ufizi, ampapase tumboni, ndipo ageuke na kusema, "Haya, mzee, habari za hapa nyumbani?" Kufikia hapo alikuwa ameshajua nusu ya habari hizo.

Sisi tulizaliwa wawili tu, yeye akinitangulia kwa miaka sita. Alisomea mifugo miaka miwili, akaajiriwa, akapangiwa kituo kilichopo hapa bondeni, na hakuhama tena kwa miaka thelathini na moja. Ofisi ilikuwa chini, mifugo ilikuwa juu kwenye vilima. Mwanzoni alipanda kwa miguu na mkoba wa dawa begani. Kisha akapewa baiskeli, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe yeye ndiye aliyeibeba zaidi kuliko ilivyombeba. Baadaye ikaja pikipiki ya kawaida, ikamwangusha kwenye matope mara tatu. Miaka saba iliyopita idara ikaleta pikipiki ya magurudumu manne, pana, yenye matairi manene ya kukanyaga popote. Watu wa juu waliiona inavyoteremka upande upande ikikwepa mawe, wakaiita Kaa, kama walivyomwita dada Daktari. Jina likashika mpaka ofisini.

Kaa alilala uani kwa dada, kwa sababu ofisi haikuwa na banda na karakana ya idara iko mwendo wa siku nzima. Matunzo yake yakawa yangu. Hakuna aliyenipangia. Mimi ni mtunza stoo wa shule, vifaa navifahamu, na nina tabia ya kuandika kila ninachokigusa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilikwenda pale na daftari. Nilikagua mafuta ya injini, upepo wa matairi, nati za magurudumu, breki za mbele, breki za nyuma. Dada aliniita Karani, na mumewe, fundi cherehani aliyeshona barazani, hakuniacha bila utani hata siku moja.

"Shemeji, leo unampima nini? Kiuno au mabega?"

"Pedi za breki."

"Mwachie nafasi kidogo, kaa akila hunenepa."

Pedi ni kibati kilichogandishwa tabaka gumu la kubania. Ziko mbili kwa kila disiki, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, moja upande wa nje na moja upande wa ndani, na ukikanyaga breki zinaibana disiki katikati kama vidole viwili vinavyobana sarafu. Ikiwa mpya, tabaka lake lina milimita nne. Likibaki milimita moja, unabadilisha. Breki ya nyuma ya Kaa inafanya kazi kwa pedeli ya mguu wa kulia, na kwenye mteremko hiyo ndiyo breki yenyewe. Ile ya mbele ukiishika peke yake juu ya changarawe, magurudumu yanajifunga na usukani unakuwa pambo.

Mimi nilizipima kwa kuchungulia katikati ya gurudumu na tochi na rula ndogo ya chuma, bila kufungua kitu. Niliandika: nne. Miezi ikapita, nikaandika: tatu na nusu. Kisha: tatu. Niliandika tarehe, nikapiga mstari chini, nikafunga daftari.

Mwezi mmoja kabla ya ajali dada aliniambia, "Karani, Kaa analia huku nyuma."

"Analia vipi?"

"Kama kisu kwenye jiwe la kunolea. Nikikanyaga tu."

Nilichungulia na tochi. Tatu. "Ni vumbi," nikamwambia. "Pedi zina milimita tatu, hii hapa nimeandika."

"Basi, kitabu kimesema," akajibu, na shemeji akaitikia "Amina" huku akikata uzi kwa meno. Huo ulikuwa mzaha wa nyumba yao. Mtu akibishana nami kuhusu siku ya mvua ya kwanza au tarehe ya harusi ya fulani, nafungua daftari, na wao wanasema kitabu kimesema. Nilikuwa nikiupenda mzaha huo.

Ajali ilitokea saa nne asubuhi, siku ya jua kali. Dada alikuwa akiteremka kutoka zizi la mzee mmoja wa juu kabisa ambaye sisi sote tulimwita Mzee wa Kileleni. Njia pale ni changarawe tupu, na chini ya mteremko kuna kona, na kwenye kona kulikuwa na mtamba wa mzee huyohuyo, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba hiyo dada ndiye aliyeipandikiza kwa mkono wake. Alikanyaga breki. Haikushika. Alikanyaga tena, kwa nguvu, kisha akashika ya mbele kwa kukosa la kufanya, na Kaa akateleza ubavu. Dada alirushwa kichakani, akavunjika ubavu mmoja. Mtamba alivunjika miguu yote miwili ya nyuma. Mzee alishuka mbio, akamkuta dada ametambaa hadi kwa ng'ombe, amemshika sikio. Walimchinja palepale. Dada hakukubali kuondolewa mpaka jambo hilo limekwisha.

Mkuu wa idara alipokuja kuuliza, aliuliza kwa upole, maana alimheshimu. Dada akamwambia alivyoona: nilikanyaga, haikushika.

"Pikipiki ilikuwa inakaguliwa?"

"Mdogo wangu anakagua kila mwezi. Mwulize, ana daftari."

Nikalileta. Nililileta kwa haraka, tena kwa fahari kidogo, nisifiche. Mkuu akapitisha kidole kwenye mistari: wiki tatu kabla ya ajali, breki za nyuma, milimita tatu. Akalifunga taratibu.

"Breki zilikuwa nzima," akasema.

Hapakuwa na mtu aliyetaja goti, lakini wote tulilitazama. Miaka miwili nyuma fahali alimpiga dada teke kwenye goti la kulia, na tangu hapo alikuwa akipanda ngazi kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Dada naye akalitazama. Akalikunja, akalinyoosha, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango.

"Basi ni mguu," akasema. "Nilidhani nimekanyaga, kumbe sikukanyaga."

Kuanzia siku hiyo alibadilika. Alianza kushika kitu akiinuka. Akawa anamwomba mumewe amletee kikombe kilichopo hatua nne kutoka alipo, naye shemeji, ambaye angepaswa kumtania, alikileta bila neno. Ubavu ulipopona, wiki ya tano, aliandika barua kwa mkono wake kuomba aondolewe kazi ya vilimani na apewe ya mezani kwa miaka mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu. Sababu aliyoandika ilikuwa moja: mguu wangu wa kulia hauaminiki tena. Alinisomea. Alisema ataipeleka Jumatatu asubuhi, pamoja na Kaa, maana tayari kulikuwa na afisa kijana, binti aliyetoka chuoni, anayesubiri kituo.

"Jumamosi njoo unibadilishie pedi za nyuma," akaniambia.

"Dada, zina milimita tatu bado."

"Badilisha hivyohivyo. Simkabidhi mtoto wa watu kitu nusu."

Kwa hiyo siyo umakini wangu uliofungua lile gurudumu. Ni adabu yake.

Jumamosi hiyo nilifika saa tatu asubuhi. Shemeji alikuwa barazani na cherehani yake, dada ndani. Niliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, nikalegeza nati za gurudumu la nyuma likiwa bado chini, nikainua kwa jeki, nikalitoa. Nikaendea kalipa, ile taya ya chuma inayobeba pedi na kuzisukuma. Nikafungua bolti zake mbili, nikaing'oa kutoka kwenye disiki, nikaifunga kwa waya kwenye fremu ili isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Kazi hiyo nilishasoma namna yake na sikuwa na wasiwasi.

Lakini kalipa yenyewe haikutoka kirahisi. Inatakiwa iteleze kwenye pini mbili, kidogo tu, huku na huku, ili pedi zote mbili zibane sawa. Hii ilikuwa imeganda. Pini moja ilikuwa imeshikwa na kutu na matope makavu kiasi kwamba niliigonga kwa mpini wa nyundo ndipo ikasogea.

Nikatoa pedi ya nje. Nikaipima: milimita tatu. Nikatoa ya ndani.

Haikuwa na kitu. Tabaka lote lilikuwa limeliwa, limebaki bati tupu, lenyewe limekwanguka na kung'aa. Nikapitisha kidole upande wa ndani wa disiki nikasikia mifereji, kama sahani ya zamani ya santuri. Kalipa ilipoganda, pedi ya ndani ilifanya kazi ya mbili, ikasugua peke yake mwezi baada ya mwezi mpaka ikaisha, na ya nje ikabaki nene, ikinitazama kupitia gurudumu kila Jumamosi ya kwanza. Nilichokiandika kwenye daftari kilikuwa kweli. Nilipima pedi moja tu, ile inayoonekana.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Ule mlio wa kisu kwenye jiwe ulikuwa chuma juu ya chuma, na dada aliusikia na akanieleza kwa usahihi kuliko fundi yeyote.

"Shemeji, umemwona pepo?" shemeji akaniuliza bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Jasho limeniingia machoni."

Hapo mlango ukafunguliwa. Dada akatoka na chai, akishika fremu ya mlango, kisha ukuta, kisha nguzo. Kabla hajafika, mkono wangu ulikuwa umeshaitia ile pedi mfukoni. Siwezi kusema niliamua. Mkono ulikwenda.

"Umezikutaje?" akauliza.

Ya nje ilikuwa juu ya gazeti, mbele yangu. Akaiinamia. "Mh. Kweli ina maisha. Karani, samahani, nimekusumbua bure."

Nilisema, "Hapana, dada." Ndiyo maneno yote niliyoyasema.

Nikamaliza kazi. Pini nilizisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka zikang'aa, nikazipaka grisi, nikazirudisha zikateleza kwa kidole kimoja. Nilifungua kifuniko cha mafuta ya breki, nikairudisha pistoni ndani kwa kibano cha seremala, polepole, nikiangalia mafuta yasifurike. Disiki niliilainisha kadiri nilivyoweza, nikaandika kwenye karatasi ya makabidhiano kwamba iagizwe nyingine. Nikaweka pedi mpya, zote mbili. Upande wa pili nikafanya vilevile. Huko zote mbili zilikuwa zimelika sawasawa, hakukuwa na hila, ila breki ya upande mmoja peke yake isingemzuia Kaa kwenye mteremko ule. Mwisho nikapampu pedeli mpaka ikawa ngumu.

"Ngoja nijaribu," dada akasema. Akapanda, akaweka mguu wa kulia juu ya pedeli, akakanyaga. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni, niliona kidole gumba cha mguu kikijikunja ndani ya kandambili, na musuli wa ugoko ukisimama. Alikanyaga kama mtu mwenye miaka thelathini.

"Ona," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Breki nzima namna hii, na bado mguu wangu ulishindwa."

Nimeyaandika hayo kama alivyoyasema. Pedi ilikuwa mfukoni, ikinichoma paja. Shemeji aliacha kushona. Nafasi ya kusema ilikuwa kama mlango uliofunguliwa kabisa, mtu angeniita jina ningepita. Nikafuta spana, moja moja, nikazipanga kwenye sanduku kwa ukubwa wake.

Jumapili nilirudi nikiwa nimejiandaa. Nilikunywa chai vikombe viwili. Tukazungumza juu ya paa la jikoni linalovuja. Shemeji akaeleza habari ya mteja aliyeleta suruali ipunguzwe halafu yeye mwenyewe akanenepa kabla ya kuichukua, na dada akacheka mpaka akashika ubavu. Nikajiambia nisimharibie kicheko. Nilikuwa na sababu nzuri kila nilipoitafuta. Jumatatu asubuhi nilikuwa stooni nikihesabu madawati wakati alipoteremka na Kaa kwa mara ya mwisho, na barua ndani ya mkoba.

Nilimwambia Alhamisi.

Nilikwenda ofisini kwake saa ya mapumziko. Walikuwa wamempa meza karibu na dirisha na kitabu cha vibali vya kusafirisha mifugo. Nikaweka juu ya kitabu kitambaa nilichoifungia pedi, nikakifungua.

Aliichukua ile pedi akaigeuza. Hakuuliza ni nini. Alipitisha kidole kwenye bati, taratibu, kama anavyopapasa ufizi wa ndama.

"Ya upande gani?"

"Nyuma, kulia. Ya ndani."

"Wewe ulikuwa unapima ipi?"

"Ya nje."

"Ya nje tu?"

"Ya nje tu, dada."

Nje mtu alikuwa akimfokea mbuzi asiyetaka kupanda kwenye mkokoteni.

"Uliitoa lini?"

"Jumamosi."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo."

"Jumapili ulikunywa chai kwangu."

"Ndiyo, dada."

Aliinuka. Hakushika meza. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa mkuu wa idara, akagonga, akaingia na pedi mkononi. Nilisikia sauti ya mkuu zaidi kuliko yake. Alirudi baada ya muda mfupi, akakaa, akakunja kitambaa changu mara nne.

"Uhamisho ulisainiwa jana," akasema. "Binti ameshakabidhiwa. Mkuu anasema angejua Jumatatu, barua angenirudishia palepale. Amesikitika sana. Ameniambia nipumzike, nimefanya kazi kubwa." Akatazama goti lake, akalinyoosha chini ya meza, akalikunja. "Mguu wangu ulikuwa mzima."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono.

"Nisikilize. Nimelala wiki sita nikiamini nimemuua yule mtamba kwa uzembe wa mguu wangu. Nilimwambia Mzee wa Kileleni kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Kukosea kupima ni kukosea, nami hukosea. Lakini siku tano, wewe?"

Tangu siku hiyo hajaniita Karani. Ananiita kwa jina langu, kwa heshima, kama mgeni.

Aliongeza jambo moja tu wakati naondoka: "Jumamosi tunapanda kwa mzee. Wewe ndiye utakayesema."

Tulipanda kwa miguu. Alitangulia. Njia ile ya changarawe inachukua saa mbili, na mimi nilisimama mara nne kuvuta pumzi. Yeye alinisubiri kila kona bila kukaa, mguu wa kulia umetangulia juu ya jiwe. Kwenye kona ya chini ya mteremko hakusimama.

Mzee wa Kileleni alikuwa akitengeneza ua. Dada akamwamkia, kwa mara ya kwanza nimwone akimwamkia mtu kabla ya ng'ombe wake, akamwambia, "Mzee, mdogo wangu ana neno." Kisha akajitenga kidogo.

Nikasema yote. Nilimweleza habari ya pini iliyoganda, pedi mbili, rula yangu, mlio aliousikia dada nikamwambia ni vumbi, Jumamosi, Jumapili, mpaka Alhamisi. Sikuwa na daftari. Mzee alisikiliza huku ameshika nyundo, na nilipomaliza akaniomba nirudie pale pa pedi ya ndani, nikarudia.

"Kwa hiyo Daktari aliiona breki ni mbovu, akasema, na hakuna aliyemwamini," akasema. "Na mwisho hata yeye mwenyewe hakujiamini."

"Ndivyo, mzee."

Alitikisa kichwa, akamtazama dada. Dada alikuwa ameshaingia zizini. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amemshika sikio ng'ombe mweupe, amemwinamia, anamwambia kitu tusichokisikia.

"Basi jambo limenyooka," mzee akasema, na uso wake ukafunguka. "Kama mguu ni mzima, Daktari anarudi kwetu. Anarudi lini?"

Dada alisikia, kwa maana mkono wake ulisimama juu ya shingo ya ng'ombe. Hakugeuka. Aliniachia mimi.

"Harudi, mzee," nikasema. "Nilichelewa."